Ruta mbili, bando moja, na mkuu anataka ripoti Ijumaa

Mzee Waya, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili kwenye sekondari ya kata, wilaya ya Nachingwea. Mwaka jana tuliletewa kompyuta 21 na swichi moja ya matundu 24, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa nyaya. Kwenye kikao mkuu akauliza nani anajua kompyuta, wote wakanigeukia mimi, eti kwa sababu huwa nawasaidia kujaza fomu za mtandaoni na kuhamisha picha za simu. Basi nikawa mwalimu wa TEHAMA. Semina niliyopata ni ya siku mbili, na siku ya kwanza yote iliishia kwenye kuwasha na kuzima.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Tuna ruta inayotumia laini ya simu, ipo chumba cha kompyuta, waya wake unaingia kwenye swichi na mashine zote zinapata intaneti. Mwezi wa pili mkuu akanunua ruta nyingine, ya Wi-Fi, ikawekwa ofisi ya walimu. Kijana aliyeifunga alivuta waya kutoka kwenye swichi yetu akauchomeka kwenye hiyo ruta, akaaga. Tangu hapo sina amani. Leo kompyuta kumi zinapata intaneti, kumi na moja hazipati. Kesho zinabadilishana. Nyingine zinaandika kwamba kuna mgongano wa anwani ya IP. Tatu za mstari wa nyuma hazijapata kabisa, wiki ya tatu sasa, na nikizikagua zina namba inayoanza na 169.254. Bando la GB 50 tulilokuwa tukikaa nalo mwezi mzima linaisha siku nne.

Juzi nikiwa na Kidato cha Pili, mvulana mmoja akasema kwa sauti, "Madam, intaneti ya shule yetu ni mvua ya Dodoma." Darasa likavunjika mbavu. Nilicheka nao, ila nilirudi nyumbani na donge kooni.

Mkuu ameleta fundi kutoka mjini. Alikaa kama dakika ishirini, akasema nyaya zote mbovu na swichi imechoka, vibadilishwe vyote, shilingi 2,400,000 pamoja na ufundi. Mkuu anataka ripoti yangu Ijumaa, niseme kama nakubaliana na fundi au la. Nikikubali na tatizo likabaki, lawama ni zangu. Nikikataa, nitasimama na hoja gani? Ukweli, Mzee Waya, mimi mtandao najua kuutumia tu, ulivyo ndani sijui. Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeanza leo.

Madam wa Chumba cha Kompyuta, Nachingwea

*

Marahaba, mwalimu. Msinunue kitu kwanza.

Kesho asubuhi kabla ya vipindi, chomoa ule waya unaokwenda ofisi ya walimu. Zima kompyuta zote, ziwashe upya. Kwa ulivyonieleza, naona mashine 18 zitapata intaneti na zile tatu za nyuma zitabaki na 169.254 yao. Ikiwa hivyo, nusu ya ripoti unayo na shule haijatoa hata mia.

Sasa sababu, maana ripoti inayosema "nilichomoa ikapona" mkuu ataikunja aiweke mfukoni.

Tuanze na neno lenyewe. Shuleni mtu akisema mtandao umekata, ana maana intaneti haipo. Lakini kompyuta zako 21 na ile swichi tayari ni mtandao kamili, hata laini isipokuwa na bando wala vocha. Intaneti ni barabara inayopita nje ya geti. Utakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika na nchi nzima ikawa inatazama kiduara kinazunguka kwenye simu. Siku ile chumba kama chako kingeweza kuendelea na kazi: mashine ya kwanza ingetuma faili kwa mashine ya ishirini bila kujua kilichotokea baharini. Fundi asiyetenganisha mambo haya mawili atakubadilishia nyaya za ndani kwa ugonjwa wa nje, na wa ndani atakuuzia bando.

Ndani ya mtandao huo kila kompyuta lazima iwe na anwani, ndiyo hiyo ya IP, na isifanane na ya mwenzake. Anwani zenu bila shaka zinaanza na 192.168. Hizo ni namba za nyumbani, zimetengwa zitumike ndani ya shule, ofisi na majumba, na hazitoki nje. Shule elfu zinaweza kuwa na 192.168.1.15 na pasitokee ugomvi. Fikiria S.L.P. ya shule. Posta wanajua sanduku moja tu. Barua ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu inafika kwenye sanduku hilo, katibu muhtasi anasoma jina, anaipeleka bwenini. Ruta ndiye katibu muhtasi wako: kwa nje ina anwani moja iliyopewa na kampuni ya simu, kwa ndani inajua nani kaomba nini, na jibu likirudi inampelekea mwenyewe.

Ruta ina kazi ya pili, na hapa ndipo penye maradhi yenu. Ndiyo inayogawa anwani. Kompyuta ikiwaka inapiga kelele kwenye waya: jamani, nani ananipa namba? Ruta inajibu: chukua 192.168.1.57, na ukitaka kutoka nje pitia kwangu. Huduma hiyo huitwa DHCP. Mchukulie kama mwalimu wa zamu mwenye daftari la kupanga watoto ukumbini siku ya mtihani.

Ninyi sasa mna walimu wa zamu wawili, kila mmoja na daftari lake, na hawasemezani. Ile ruta ya ofisini ilitoka kiwandani ikijua kugawa anwani, kijana akaichomeka kwenye swichi yako bila kuizima kazi hiyo. Kompyuta ikipiga kelele asubuhi, zinajibu zote mbili, na anayewahi ndiye anayesikilizwa. Aliyepangwa na ruta yenye laini anatoka nje. Aliyepangwa na ruta ya ofisini anaambiwa apitie mlango ambao nyuma yake hakuna laini wala bando. Ndiyo maana leo kumi hizi, kesho kumi zile. Mgongano wa anwani nao ni huo huo: daftari la kwanza limempa Asha kiti namba 57, la pili limempa Juma kiti hicho hicho. Tena huenda ruta zote mbili zimetoka na anwani moja, 192.168.1.1, jambo la kawaida sana, basi hata walimu wa zamu wenyewe wanaitwa jina moja. Na usidhani wenzako wote huko ofisini wanapata. Wapo wanaokosa, ila wamezoea kusema "mtandao wa leo!" wakaendelea na madaftari.

Unaweza kuliona kwa macho. Kwenye kompyuta isiyopata, fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika ipconfig, ubonyeze Enter. Angalia mstari wa IPv4 Address na ule wa Default Gateway, ambao ndio mlango wa kutokea. Fanya hivyo kwenye inayopata pia, uandike namba zote mbili pembeni kwa pembeni kwenye karatasi. Milango ikitofautiana, karatasi hiyo ibane kwenye ripoti. Ikifanana, usikate tamaa, ni ule mkasa wa majina mamoja, na jaribio la kuchomoa waya ndilo litakalokusemea.

Dawa haina gharama ila inataka utulivu wa nusu saa. Chukua kompyuta moja uiunganishe na ruta ya ofisini peke yao, mbali na swichi. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani na nenosiri lake. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari, uingie. Kwanza badilisha anwani ya ruta yenyewe iwe 192.168.1.2, kama ile yenye laini ni 192.168.1.1. Ruta itazima na kuwaka. Ingia tena kwa anwani mpya, tafuta DHCP, izime, hifadhi. Usianze na DHCP, maana ukiizima mapema kompyuta yako inabaki bila namba na kurudi ndani inakuwa shughuli. Kisha nenda kwenye ruta yenye laini, uipangie igawe kuanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.200, ili namba za chini zibaki kwa vitu visivyohamahama: hiyo ruta ya pili, printa, na kitu kingine nitakachokuambia mbele. Mwisho rudisha waya wa kutoka kwenye swichi, ila uingie kwenye tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani. Lile lililotengwa peke yake, mara nyingi la rangi tofauti, lililoandikwa WAN, yaani la kwenda nje, liache wazi. Hapo ruta ya ofisini imevuliwa uongozi. Inarusha Wi-Fi tu, na anwani zote zinatoka kwenye daftari moja.

Sasa hao watatu wa nyuma. Namba ya 169.254 haikutolewa na ruta yoyote. Kompyuta imepiga kelele, haikujibiwa, ikajipachika namba yenyewe ili isikae bure. Mara nyingi maana yake njia kati ya mashine na swichi ina kasoro. Kabla ya lolote tazama taa: kwenye swichi, juu ya tundu la mashine hiyo, na nyuma ya mashine pale waya unapoingia. Taa imezimika? Hamisha waya uende tundu jingine la swichi. Bado? Chukua waya wa mashine inayofanya kazi uchomeke kwenye hii mgonjwa. Ikipona, mgonjwa ni waya. Isipopona, mgonjwa ni mashine yenyewe. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili ukaona imepona, hujui ulichotibu.

Mimi dau langu naliweka kwenye vichwa vya waya, ile plastiki angavu ya mwisho. Mstari wa nyuma ndiko watoto wanakokanyaga na kusukuma viti. Waya mrefu wa aina ya Cat5e au Cat6 ukiwa ndani ya mita 100 hauzeeki kwa sababu umefungwa mwaka jana. Unagugunwa na panya, unakanyagwa, au uling'atwa vibaya na koleo siku ya kwanza. Kichwa kipya ni bei ya andazi na chai, na koleo ya kubana shule ikinunua moja inakaa miaka. Ndani kuna nyuzi nane, na mpangilio unaotumika sana, ukikishika kichwa ulimi wake ukiwa chini na matundu ya nyuzi yakikuelekea, kutoka kushoto ni huu: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Utajiuliza kwa nini kijani kimetenganishwa na nyeupe yake. Mafundi wengi wa haraka hujiuliza hivyo hivyo, wakazipanga kwa urembo, kila rangi na mwenzake. Taa inawaka, kwenye waya mfupi inafanya kazi, kwenye mrefu inakwenda kwa kuchechemea, na hakuna anayejua kwa nini. Nyuzi zimesokotwa mbili mbili ili kupunguza kelele ya nyuzi jirani, na mashine inategemea uzi wa tatu na wa sita wawe mapacha. Ukizipanga kwa urembo, umewaoza mapacha kwa wageni.

Kuhusu fundi, sitamtukana, kwa sababu nami nimefanya lake. Mwaka 2011 niliitwa kwenye shule moja, jina naliacha, chumba kizima kimekufa, taa za swichi zinapepesa zote pamoja kama disko. Nikakagua kidogo nikatangaza swichi imekufa. Wakanunua mpya. Nikaifunga, nikarudishia nyaya zote kama nilivyozikuta, disko likaanza upya kwenye swichi mpya. Ilinichukua saa tatu kuona kwamba kuna waya mmoja ncha zake zote mbili zimo kwenye swichi ile ile. Mhudumu wa usafi aliona ncha inaning'inia, akairudisha kwenye tundu lililokuwa wazi, kwa nia njema kabisa. Swichi za bei ya chini hazina akili ya kuligundua hilo, ujumbe unaingia unazunguka ndani, unaongezeka mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Swichi ile ya zamani ilikuwa nzima. Fedha sikurudisha, na hadi leo nikipita njia ile natazama upande mwingine.

Kwa hiyo fundi akirudi, muulize kwa adabu: "Fundi, ulipima waya upi, na kwa kifaa gani?" Nyaya 21 kwa dakika 20 ni chini ya dakika moja kwa kila waya, na muda huo ni mdogo kwa kupima zote kwa makini.

Sasa bando. Piga hesabu na wanafunzi wako, ni hesabu ya Kidato cha Kwanza. Windows hujipakulia masasisho yenyewe, na sasisho kubwa huwa la GB kadhaa. Chukua GB 2 tu kwa mashine. Zidisha kwa 21. Ni 42. Kati ya 50 mmebakiwa na 8, na hakuna mtoto aliyefungua hata ukurasa mmoja. Ingia kwenye Settings, upande wa mtandao, bonyeza muunganisho wa waya, kuna kitufe kimeandikwa Metered connection. Kiwashe kwa kila mashine. Kompyuta itajua kwamba bando ni la kupimwa, itaacha kujipakulia mambo mengi makubwa. Halafu kwenye sehemu ya masasisho kuna Delivery Optimization, iruhusu ipokee kutoka kwa kompyuta za mtandao huo huo tu. Wiki ya likizo, bando likiwepo, unaondoa ule upimaji kwanza kwenye mashine moja, baadaye kwenye nyingine, nazo zitachota sehemu kubwa kwa mwenzao badala ya kwenda nje kila moja. Usiyazuie masasisho milele, lakini. Mashine isiyosasishwa ikipata kirusi kutoka kwenye flashi ya mtoto mmoja, jioni wameugua wote.

Nusu nyingine ya bando imo kwenye simu za ofisini, na hili ni gumu kuliko nyaya. Simu ikiona Wi-Fi inaanza kupandisha picha za harusi ya mwezi uliopita na kusasisha programu thelathini, mwenyewe yuko darasani hana habari. Kwa hiyo usimtuhumu mtu kwenye kikao. Mwambie mkuu faraghani kwamba nenosiri la Wi-Fi libadilishwe (nahisi la sasa limeandikwa kwenye ubao wa ratiba, au nimekosea?) na kwamba ruta iwe inazimwa baada ya saa za kazi. Agizo litoke kwake. Wewe bado unahitaji kukopeshwa chaki na hao watu.

Nikirudi kwenye zile namba za chini tulizozitenga. Laini ya simu ikiwapa, tuseme, megabiti 10 kwa sekunde, ukigawa kwa mashine 21 kila mtoto anapata chini ya nusu megabiti. Hapo hata video fupi ni mateso. Lakini kati ya mashine na swichi hata ya kizamani ni megabiti 100, na hazilipiwi. Chukua kompyuta yenye afya kuliko zote, ipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, iwe seva, yaani mashine inayowahudumia wenzake. Weka humo Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, ina sura ya Kiswahili, na watoto wanaifungua kwenye kivinjari kwa kuandika anwani ya seva kama Kolibri yenyewe itakavyokuonyesha. Weka na Kiwix, ambayo inakuwezesha kuwa na Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya faili moja. Unapakua mara moja, hata kwa kwenda mjini na flashi kubwa. Kwa mwalimu wa Jiografia hiyo ni neema: siku bando limeisha, volkano bado zipo, mito bado ipo, na kipindi kinaendelea.

Siku nyingine mambo yakigoma, usikimbilie kulaumu laini. Fuata njia kutoka ulipokaa kwenda nje. Taa inawaka? Ipconfig inaonyesha 192.168 au 169.254? Kisha andika ping 192.168.1.1, yaani unaigongea ruta hodi. Ikiitika, ndani hakuna tatizo. Gonga mbali zaidi, ping 8.8.8.8, hiyo ni anwani ya mashine za Google. Ikiitika na kurasa bado hazifunguki, basi njia ipo ila kompyuta haijui kugeuza majina kuwa namba, kama mtu aliyepoteza orodha ya majina kwenye simu: vocha anayo, mnara upo, ila namba ya shangazi haikumbuki. Huduma ya majina huitwa DNS, na unaweza kuipanga kwa mkono kwenye ruta. Isipoitika kabisa, hapo sasa angalia bando, halafu kampuni ya simu.

Ripoti iwe ya ukurasa mmoja. Sema ulichomoa waya wa ofisini tarehe fulani, mashine ngapi zilipata kabla na ngapi baada. Bandika karatasi ya namba. Sema nyaya tatu zina hitilafu na umejua vipi. Omba koleo, pakiti ya vichwa vya waya, na ruhusa ya nusu siku kupanga ruta. Pendekeza fundi aitwe tena kama nyaya hizo zitakataa hata baada ya vichwa vipya. Huna haja ya kuandika kwamba fundi ni mwongo. Hesabu za mashine 18 zitamfikia mkuu zenyewe.

Na ukishamaliza, kila waya uwe na lebo ncha zote mbili, namba ya mashine na namba ya tundu la swichi. Kazi hiyo mpe yule bwana wa mvua ya Dodoma, kama mwandiko wake unasomeka.